Boma ya Nani?

Ukishuka stendi ya Isebania ukielekea upande wa Sirare, kabla hujawafikia wabadilisha pesa, kuna kibanda cha mabati ya bluu kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: PICHA ZAKO NI ZAKO. Humo ndimo anamofanyia kazi Caren Awino, ambaye soko zima linamwita Nyar Homa Bay, yaani binti wa Homa Bay, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa, na kwa kuwa watu wa mpakani hawakupi jina mpaka wajue umetokea wapi. Ni fundi wa simu. Ana miwani iliyofungwa uzi, mdomo mwepesi na hasira za karibu. Ukimpelekea simu uliyoitumbukiza kwenye supu, atakugombeza kwanza ndipo akutengenezee.

Lakini kilichompa sifa si kutengeneza simu. Ni Kabati.

Wacha nikueleze. Mafundi wa pale zamani walikuwa na ugonjwa mmoja. Mteja akinunua simu yake ya kwanza hana barua pepe, wala hajui barua pepe ni mdudu gani, basi fundi anamwekea ya kwake yeye fundi. Wateja soko zima, barua pepe moja, na picha za simu hujihifadhi kwa barua pepe! Ikawaje? Picha ambazo mwalimu mmoja alijipiga kwa ajili ya mumewe peke yake zikatokea kwenye simu ya muuza nyama, na muuza nyama si mtu wa kunyamaza. Mwalimu wa watu alihama kwa aibu. Caren alilia kama aliyeaibishwa ni yeye, kisha akaapa kwamba mteja wake hatawahi kufikwa na jambo kama lile.

Akajifunza polepole, kwa video na kwa kuuliza watu asiowajua mtandaoni, kutumia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kusoma zilivyoandikwa, kwa hiyo ni vigumu mtu kukufichia jasusi ndani. Akapata kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule, akaipangusa, akaiwekea betri kwa maana stima ya huku haina haya, akaifungia ndani ya kabati la mbao nyuma ya kibanda. Simu ya mteja, popote ilipo, ikipata bando inatuma picha zake humo. Haziendi ng'ambo kwa kampuni isiyokujua wala kukujali. Watu wakafurika. "Nyar Homa Bay, niwekee kwa kabati," wakawa wanasema, hata wale wasioelewa kabati lenyewe lina nini. Naye alikuwa na sharti moja alilojiwekea: haangalii ndani. Picha za mtu ni chumba chake cha kulala, na wewe huingii chumba cha mtu bila hodi.

Sasa sikiliza alipokosea, maana ni kosa la mtu wa huku hasa. Alipokuwa akiwaandikisha wateja aliwauliza swali lile ambalo sote huulizwa hospitalini, kwa chifu na matangani: "Boma ya nani?" Kila boma akaiwekea rafu moja, kwa jina la mwenye boma, na paswadi moja. Mume, mke, watoto na nyanya, wote humo. Programu yenyewe ilimruhusu kumpa kila mtu rafu yake. Ni yeye aliyeona si adabu. Mke awe na rafu yake mwenyewe, kwani ameachika?

Mniko alikuja siku ya soko, mchana, kibanda kimejaa watu.

Huyu Mniko ni dalali wa mahindi, mtu wa shati lililopigwa pasi. Hapayuki. Anasalimia wazee kwa mikono miwili. Ukimtazama utasema amelelewa, na kweli amelelewa, lakini mkono wa Pamela mkewe ulifungwa plasta mara mbili kabla ya mvua za masika, na mara zote mbili tuliambiwa aliteleza kisimani. Kisima gani hicho kinachomvizia mtu mmoja tu?

Caren ndiye aliyemtorosha. Pamela alifika kibandani amemshika mkono mwanawe Bravin, mdomo umepasuka. Caren akampa laini mpya, akampakia kwenye pikap ya samaki iliyokuwa ikirudi Homa Bay tupu, akampigia Phelesia, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, shangazi yake anayemwita Waya: "Waya, nakutumia mgeni. Usiniulize." Phelesia hakuuliza. Tangu hapo Mniko alimtafuta mkewe Migori mjini, akamtafuta Uriri kwa wakwe zake, akavuka mpaka wa Tanzania hadi Tarime. Na alikuwa akiwaambia watu waziwazi, kwa sauti yake ile ya upole, kwamba siku atakayomtia machoni atammaliza, na jela ni ya wanaume.

"Mama Sheila, habari ya kazi," alimwambia Caren siku hiyo, akimwita kwa jina la mwanawe, akaweka simu mpya juu ya meza.

"Salama, Baba Bravin. Pole na msiba."

"Ni kazi ya Mungu. Tunamzika mama Jumamosi na hatuna picha ya kuweka juu ya jeneza. Simu yangu ya zamani ilianguka mtoni kabla mama Bravin hajaondoka, nikabaki na kasimu ka tochi. Nirudishie picha zangu kwa hii. Zote."

Caren alifungua kompyuta yake ya mezani, akaingia Kabatini, akabonyeza Boma ya Mniko. Alifanya hivyo akiwa anamjibu mteja mwingine kuhusu chaja. Kisha akatazama.

Juu kabisa alikuwa Bravin, amevaa sweta ya shule ya kijani, anacheka. Nyuma yake geti, na juu ya geti herufi kubwa: PHELESIA OMENA, HOMA BAY, na namba ya simu. Chini yake Bravin tena, anakula. Chini yake Pamela mwenyewe, amesuka, amenenepa kidogo, mkono umepona. Picha za wiki hii, za wiki iliyopita, za miezi yote. Mungu wangu! Alimbadilishia laini, hakumbadilishia rafu. Kila Pamela alipoweka bando, simu ilipeleka picha zake nyumbani kwa mumewe kwa utiifu. Na kwa kuwa Caren haangalii, hakujua.

"Ni nini?" Mniko aliuliza.

"Mtandao unasumbua."

"Si ulituambia tukiwa hapa ndani Kabati halihitaji mtandao?"

Kweli aliwaambia. Caren akasogeza mguu chini ya meza, akang'oa plagi. Taa ya kibanda ikazimika. "Oh! Stima nayo imeenda," akasema. "Rudi kesho, Baba Bravin."

"Kabati la Caren halizimi!" akadakia Truphena, muuza mitumba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akingoja simu yake. Truphena ni rafiki wa Caren wa kufa na kuzikana. Pia ni binti wa ukoo wa Mniko, na mdomo wake hauna komeo. "Lina betri, na hiyo ya mezani inakula humo humo. Mwambie, Caren! Juzi stima ilipotea kutwa nzima na liliendelea kuwaka. Hakuna kama hili mpaka Kisii."

Watu wakacheka. Caren akacheka nao. Sifa nyingine ni kamba ya shingo.

"Basi nitakutolea ya mama kwanza," akasema. "Hizo zingine nitakuletea nyumbani."

Mniko akanyoosha kidole, taratibu, kuelekea ukuta wa mbele. "Picha zako ni zako. Uliandika wewe ama nani?"

"Mimi."

"Jina hapo ni la nani?"

"Lako."

"Boma ya nani?"

"Yako, Baba Bravin."

"Sasa shida iko wapi?" Bado sauti haikupanda. "Kama una kazi nyingi, nipe nijifungulie mwenyewe. Paswadi naikumbuka. Ni jina la mama."

Hapo Caren aliogopa kuogopa kwa kweli. Ukimnyima mtu chake bila sababu, ataanza kuitafuta sababu. Na huyu alikuwa na ufunguo mkononi, hakuwa akijua tu kwamba mlango anaoutafuta Tarime ndio huu. Usiku huu akiwa amelala kitandani na simu yake mpya, angeweza kujaribu. Alfajiri angekuwa kwenye geti la Phelesia.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo, nakutafutia."

Akashuka upesi kwenye picha za miaka ya nyuma, akizipita zile za juu kama mtu anayekanyaga makaa, mpaka akampata Nyasuguta, mama yake Mniko. Ajuza ameketi nje ya jiko, anacheka, amejiziba mdomo kwa kiganja kuficha meno yaliyotoka. Akaiingiza kwenye simu mpya kwa waya. Kisha, kwa kuwa Mniko alikuwa ameinama kuchungulia, akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili aone picha hiyo na hiyo tu.

Mniko alimtazama mama yake. Macho yakamjaa maji mbele ya watu wote. "Alikuwa hapendi kupigwa picha," akasema. Caren alimwonea huruma, na akajichukia kwa kumwonea huruma.

Ndipo kwenye kona ya kioo, pale ambapo Kabati huonyesha kila picha mpya inapoingia, kikatokea kipicha kidogo. Omena zimeanikwa juu ya wavu, zinametameta. Mgongo wa mwanamke mnene aliyeinama akizigeuza.

Pamela amepata bando, Caren akawaza. Mgongo ule ni wa Phelesia, Mniko hamjui. Lakini picha za Pamela haziji moja moja. Nyuma ya hiyo inakuja nyingine, na Bravin hakosi.

"Huyo ni nani?" Mniko aliuliza. Chozi lilikuwa bado shavuni.

Caren akarudisha kioo upande wake. Truphena alikuwa amesimama ili naye aone. Angesema ni picha za kwao Caren, wangeuliza kwao ni wapi, na kwao kila mtu anapajua. Jina lenyewe wanamwita.

"Sijui ni nani," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ni za mteja mwingine."

"Za mteja mwingine zinafanya nini kwa boma yangu?"

"Kabati limeharibika. Linachanganya picha za watu."

Mtu mmoja akaguna. Mniko akakunja uso, mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwa hivyo na zangu ziko kwa watu?"

"Inawezekana."

"Mama yangu? Nyumba yangu? Mambo ya ndani ya boma yangu, yanatazamwa na watu hapa sokoni?"

"Sijui zimefika wapi, Baba Bravin. Singependa kukudanganya."

Lo! Mwanamume aliyetembea nchi mbili akitangaza atakavyomfanya mkewe, sasa alitetemeka kwa kuwaza kwamba majirani wameona sebule yake. "Futa," alisema. "Futa yote. Saa hii, nikiona."

Caren akatoka kwenye picha, akarudi kwenye orodha ambako hakuna sura, majina ya maboma tu. Akachagua lake. Programu ikauliza kama kweli anataka kuifuta rafu nzima na vyote vilivyomo, maana havitarudi. Caren akalisoma swali mara mbili, Mniko akadhani anamchelewesha. Akanyoosha mkono juu ya meza, akabonyeza mwenyewe.

Boma ya Mniko ikaondoka kwenye orodha. Huko Homa Bay simu ya Pamela ingeendelea kubisha hodi, na hapakuwa tena na mlango wa kuifungulia.

"Nyinyi watu wa kompyuta ni wezi," Mniko alisema, akatia simu yake mfukoni. Alisimama mlangoni akifunga kamba ya helmeti, bila haraka.

"Na mimi nifutie!" mtu akasema kutoka nyuma. "Ya mzee Machuki pia, ni baba mkwe wangu." "Yangu pia, kabla hujahudumia mwingine." Wakasukumana mezani, kila mmoja akitaja boma, na Caren akafuta moja baada ya nyingine. Hakujitetea. Mwanamke mmoja alimwambia heri yule fundi wa barua pepe moja, yeye hakujifanya malaika. Hilo lilimchoma, akaendelea kufuta.

Truphena alisubiri mpaka wakapungua. Akaja, akainama, akamshika Caren mkono, nusu ya kumwonea huruma na nusu ya kumsihi. Picha za marehemu mumewe zilikuwa humo, na za kikundi chao cha akina mama, tangu siku Kabati lilipowashwa.

"Caren, mimi si mtu wa nje," alinong'ona. "Niambie ukweli, mamangu. Hili kabati lako, ni kweli linachanganya?"

Caren alimtazama. Akatazama juu ya bega lake. Mniko alikuwa bado mlangoni, kamba imegoma kufunga, sikio liko wazi.

"Ni kweli," akasema. "Linachanganya."

Truphena akauachia mkono wake. Akafuta kiganja kwenye leso, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na fundi yeyote tu, "Basi na zangu zitoe."

"Boma ya nani?" Caren akauliza, maana ndivyo alivyokuwa akiwauliza wengine wote, na mlangoni bado palikuwa na mtu.