Loda Iliyokataa Kurudi Nyuma

Nilipofika kwenye machimbo ya moramu kule Murukulazo, loda ilikuwa imezamisha kijiko chake ukutani mwa shimo kama ng'ombe aliyeingiza kichwa horini, na mawingu yalikuwa yameshatanda upande wa Burundi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa peke yangu. Fundi mkuu wangu alikuwa Biharamulo, amefungua injini ya greda na hawezi kuiacha. Aliniambia kwa simu, "Nenda wewe. Ukikwama, nipigie." Nikapanda bodaboda kutoka Rulenge, sanduku la spana mapajani.

Opereta alikuwa mzee mwenye asili ya Burundi, amevaa koti la mvua la kijani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alinitazama, akatazama mawingu, kisha akacheka na kukubali kwa Kirundi. "Ego, basi njoo. Mvua haitatusubiri tubishane."

Shimo lile lina njia moja tu ya kutokea, na likinyeshewa hujaa maji. Kule juu watu wa kijiji walikuwa wameketi na majembe yao, wakisubiri moramu ya kuziba mashimo kwenye barabara ya kwenda zahanati. Mzee alinieleza kilichotokea. Asubuhi mashine ilifanya kazi vizuri. Kisha kijiko kikaanza kupanda kivivu, pampu ya haidroliki ikawa inalia. Mwishowe alipotia rivasi, mashine haikusogea. Gia za mbele zilikuwa zinaingia, lakini mbele kulikuwa na ukuta wa udongo.

"Pampu imekufa," alisema. "Na giaboksi imekufa. Loda hii ni kuukuu kuliko wewe."

Niliogopa kwamba anasema kweli. Lakini nilimwomba awashe, nikakaa karibu na geji ya presha ya giaboksi. Alipotia gia ya mbele, mshale ulipanda na kusimama imara. Alipotia rivasi, ulicheza kidogo, ukarudi kusimama pale pale. Kama pampu ya giaboksi ingekuwa imekufa, mshale usingepanda kabisa, hata kwa gia ya mbele!

"Zima, mzee! Giaboksi haijafa!"

Tuliweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, nikajilaza chini na tochi. "Sukuma gia mbele," nikapaza sauti. Pao la chuma linalounganisha mkono wa gia na giaboksi lilisogea hadi mwisho. "Sasa rivasi." Lilisogea nusu, likasita. Nililishika kwa mkono, likayumba kama jino bovu. Bushi, ile pete ya kwenye kiungo chake, ilikuwa imeliwa yote, na pini ilikuwa inacheza ndani ya tundu. Mzee alikuwa anatia rivasi, lakini rivasi haikufika kwenye giaboksi.

Nilitoka chini nikiwa tope tupu, nikicheka peke yangu. Dereva wa bodaboda aliyenileta alikuwa bado yupo, ameketi chini ya mgomba. Nilimwonyesha ile pini. Akafungua mfuko wa pikipiki yake akatoa bushi ya shokamzoba, ya zamani lakini nzima. Ilizidi urefu. Niliikata kwa msumeno, nikaisukuma kwa nyundo, ikakaa. Tukaondoa mawe.

"Jaribu sasa!"

Mzee alitia rivasi. Magurudumu yalizunguka nyuma, kijiko kikakwaruza udongo, loda ikarudi hatua moja na kukwama. Kijiko kilikuwa kimejaa na hakitaki kupanda. Watu waliokuwa wamesimama wakishangilia wakakaa tena. Na hapo tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni.

Nilifungua kifuniko cha tangi la haidroliki. Oili ilikuwa nyeupe kwa povu, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

"Inanyonya upepo," nilisema.

"Mbona haivuji popote?" mzee aliuliza.

"Mpira wa upande wa kunyonya hauvuji nje, mzee. Unaingiza hewa ndani."

Nilimwomba aiache injini ikiunguruma polepole, nikachukua kopo la oili safi nikaanza kuimimina kwenye kila kiungo cha mpira ule mnene unaotoka tangini. Kwenye kiungo cha kwanza, pampu iliendelea kulia. Cha pili, vilevile. Kwenye cha tatu, karibu kabisa na pampu, ile oili ilimezwa, na kilio kikakatika ghafla!

"Mana yanje!" mzee alimwita Mungu wake kwa Kirundi kutoka kwenye kiti. "Imenyamaza! Umesikia? Imenyamaza!"

"Nimesikia, mzee, nimesikia!"

Klipu inayoubana mpira pale ilikuwa imekatika upande wa chini, usioonekana. Tukazima, nikaweka klipu mbili mpya, nikazikaza hadi mkono ukauma. Tulisubiri povu litulie. Kusubiri huko kulinishinda. Nilizunguka loda kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Mvua ilikuwa imeshika kasi mzee alipowasha tena na kuvuta mkono wa kijiko.

Kikapanda. Kilipanda laini, kimejaa moramu hadi pomoni, juu kabisa ya vichwa vyetu. Kisha loda ikarudi nyuma, ikageuka, ikapanda mteremko wa kutokea huku matope yakiruka. Akina mama walipiga vigelegele, mmoja akanikumbatia na tope langu lote.

Mzee alisimamisha loda kule juu, akafungua mlango. "Panda, fundi. Ushike stelingi mwenyewe hadi barabarani."

Nikapanda. Nilimwaga kijiko kile kwenye shimo kubwa la barabarani mbele ya zahanati, na watu wakaingia na majembe kusawazisha, mvua ikinyesha, hakuna hata mmoja aliyekimbilia kujikinga.