Mwisho Mwema wa Watu wa Oosterwiel

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekufa Oosterwiel bila Trijn Wiggers kuwa kando ya kitanda chake, ukiwaacha waliozama na wale walioondoka ghafla. Kazi yake ilikuwa kukaa na wanaokata roho. Aliwalowesha midomo, akawageuza ubavu, akawafunga kidevu wakishamaliza, akawaosha. Kisha ikaja ile kazi iliyowafanya watu wampende. Siku ya maziko, jamaa wakishakaa mezani na mkate wa zabibu na bia ya moto, Trijn alisimama mwisho wa meza akasimulia jinsi marehemu alivyoaga dunia. Ndiyo desturi ya kule kwetu. Mtu hakuhesabiwa kuwa amezikwa sawasawa mpaka mwisho wake usimuliwe.

Na kila mwisho ulikuwa mwema. Huyu alifumba macho kama mtoto aliyeshiba. Yule alilitaja jina la Bwana, akatabasamu, kwisha. Wajane walilia kwa faraja, wakamjazia Trijn kikombe.

Ulikuwa uongo, na ni afadhali niseme mapema ili tusizungushane. Trijn alikuwa mkweli kuliko wengi pale kijijini, hata kurudisha yai la kuku wa jirani alirudisha. Lakini kitandani aliyaona mambo ambayo hakuna mjane angeweza kuyabeba hadi nyumbani. Watu wa Oosterwiel, wacha Mungu wasiokosa ibada hata mifereji ikiganda, walikufa vibaya. Maumivu siyo tatizo, maumivu mtu huyazoea. Tatizo lilikuwa hofu. Saa ile ya mwisho, kabla ya kukata kauli, waliacha kumtazama Trijn wakatazama juu ya bega lake la kushoto. Karibu wote. Mchunga ng'ombe na mke wa tajiri, katika nyumba tofauti, vitanda vikielekea huku na huku, wote walitazama pale pale, kama kwamba kuna mtu anaingia taratibu. Halafu wakapiga kelele.

Trijn hakuwahi kugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, macho yake yakiwa kitandani, akausukuma mlango ukafungika, jamaa wasisikie. Akirudi kwake aliketi muda mrefu ameegemeza mgongo ukutani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi alipougua Ysbrand Loots.

Ysbrand alikuwa fundi wa vinu vya upepo, mtu mrefu, mcheshi, mwenye mikono iliyojaa makovu. Kanisani hakukanyaga tangu ndevu zilipomwota. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inabishana, wasomi wa mijini wakirushiana vitabu kama watoto wanavyorushiana matope: je, Shetani yupo, je, Maandiko yameandikwa na nani, je, mtu asiyeamini Mungu anaweza kuwa mwema. Ysbrand alivipata vitabu hivyo, vile visivyo na jina la mchapaji, akavisoma juu ya ngazi wakati gundi inakauka.

"Nimepanda kila kinu kutoka hapa mpaka baharini," alikuwa akisema kilabuni, "na sijagongana na malaika hata mmoja. Labda wananiona nakuja, wanahama."

"Utawaona siku yako ikifika," Mchungaji Velthuis alimjibu.

"Basi njoo utazame, Mchungaji. Lete na kiti chako, vya kwangu vibovu."

Mchungaji Velthuis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwogopa Ysbrand, na aliuita woga huo kazi ya Mungu. Alikuwa na daftari. Kila baada ya maziko aliandika humo alichosimulia Trijn, neno kwa neno, na sasa alikuwa na vifo thelathini na kimoja, vyote vitulivu. Alikusudia kuvichapisha viwe hoja isiyo na jibu: wenye imani hufa kwa amani, kwa hiyo imani ni kweli. Alikosa kitu kimoja tu, asiyeamini mmoja afe akilia. Kitabu chote, na imani ya mtu mzima aliyesoma, vilikuwa vimekalia maneno matamu ya mwanamke mmoja, na yeye mwenyewe hakujua.

Ysbrand alikufa mwezi wa Januari, saa nne ya asubuhi, ukungu umeshuka hadi madirishani. Aleid, bintiye wa pekee, alikuwa ametoka kuleta mboji iliyokaushwa, ile ambayo kule huchomwa badala ya kuni. Trijn alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nyuma yake, karibu na mlango, palikuwa na kiti kimoja kikuukuu cha kusukwa.

Mgonjwa alifumbua macho. Akamtazama Trijn. Kisha macho yakapanda taratibu, yakavuka bega lake la kushoto.

Trijn alikaza meno akingoja kelele.

"Trijn, dada yangu," akasema Ysbrand, sauti nyembamba lakini ya kawaida, "huyo mgeni wako mbona umemwacha amesimama?"

"Mgeni gani?"

"Huyo nyuma yako."

"Hakuna mtu, Ysbrand."

"Najua hakuna. Nakufa, dada, sijawa mjinga. Ni macho yangu yamechoka, yanachora vitu." Akapumua, akacheka kidogo. "Lakini anasikitisha. Tazama anavyosimama, kama mtu aliyefukuzwa kila nyumba. Hata asiyekuwepo siwezi kumwacha mlangoni na baridi hii. Karibu, bwana. Kaa. Kiti hicho hapo."

Akafa papo hapo, na uso wake ukabaki uso wa mwenyeji.

Kisha, nyuma ya Trijn, kile kiti kikalia, kile kilio kirefu cha nyuzi kavu zinapopokea uzito wa mtu.

Trijn hakugeuka. Aliiosha maiti yote akiwa amekipa kiti mgongo. Aleid aliporudi na kapu lake, Trijn alimwomba akiondoe kiti. Msichana alikibeba hadi uani bila kuuliza, ingawa alisema kwamba kina baridi ajabu.

Mchana ule ule Mchungaji alifika, daftari kwapani.

"Alilia?"

"Hapana, Mchungaji."

"Alitetemeka? Aliomba msamaha? Alisema anauona moto?"

"Alimkaribisha mtu kiti."

"Umechoka, Bi Trijn. Asiyeamini hawezi kufa hivyo, wewe mwenyewe umenifundisha jinsi watu wema wanavyokufa. Kesho adhuhuri wazee wa kanisa watakaa. Utasema mbele yao ulichokiona, ukishatulia. Ikiwa alikufa akilia, atazikwa nje ya tuta linalozuia bahari, pamoja na maiti za baharini zisizojulikana, na kitabu changu kitakamilika. Nawe nyumba yako ni ya kanisa. Nimekukumbusha tu."

Hakuwa na haja ya kumkumbusha.

Kule kwetu jirani ndiye mbebaji. Mtu akifa, majirani sita hufika bila kuitwa, na maiti haitoki isipokuwa mabegani mwao. Kwa Ysbrand hakufika hata mmoja. Walipita upande wa pili wa mfereji, kola zimepandishwa. Na vinu, ambavyo fundi wake akifa husimamishwa na mapanga yake yanayoshika upepo huachwa yameinama, vilikuwa vinazunguka ndani ya ukungu mwendo mmoja na jana, vyote saba, na kila kimoja alikuwa amekitengeneza yeye. Mlio wa vinu ulimfikia Aleid pale alipokaa na baba yake.

"Wanangoja uwaambie alikufaje," Aleid alimwambia Trijn.

"Najua, mwanangu."

"Usimpambe. Hakupenda kupambwa. Sema tu ilivyokuwa."

Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwomba Trijn jambo hilo. Uongo mmoja zaidi ungemgharimu nini? Alikuwa ameshasema mwingi, wote kwa huruma. Lakini ule wote uliwafunika watu, na huu ungemvua mtu nguo. Alirudi kwake akiwa na hasira, zaidi juu yake mwenyewe.

Kesho yake adhuhuri walikuwa wanne mezani katika chumba cha nyuma cha kanisa: Mchungaji Velthuis, wazee wawili wakulima ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa, na Mzee Gosen Tammes mwenye kiwanda cha bia, mtu mzito ambaye neno lake ndilo lililoamua.

"Sema, Bi Trijn," akasema Mchungaji, kalamu mkononi.

"Ysbrand Loots alikufa kwa utulivu. Hakulia, hakuomba, hakutubu. Alicheka."

"Shetani anaweza kumchekesha mtu."

"Labda. Mimi nasema alichofanya, sijui nani alimfanyisha."

Mchungaji aliligonga daftari kwa kidole. "Hapa pana thelathini na mmoja waliokufa katika Bwana. Wote kwa amani, kwa ushahidi wa kinywa chako. Unataka kutuambia mpagani yule alikufa sawa nao?"

"Hapana," akasema Trijn. "Alikufa vizuri kuliko wao."

Mmoja wa wakulima alitoa sauti ya mtu aliyepaliwa.

"Katika hao wako, Mchungaji, ishirini na sita walipiga kelele. Nilikaa nao, nikawashika mikono. Walikuwa wanaona kitu nyuma yangu na hawakukitaka. Mimi nilifunga mlango, kisha nikaja mezani nikawaambia mnachopenda kusikia. Nisameheni. Nilidhani ni wema."

"Amerogwa," akasema Mchungaji, uso umemwisha damu. "Nyumba ile imemwambukiza. Mzee Gosen, mama yako yumo humu. Ukurasa wa kumi na tisa, 'alilala kama taa iliyopunguzwa'. Mwambie huyu mwanamke jinsi mama yako alivyokufa!"

Gosen Tammes alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mwambie, Mzee Gosen."

"Mama yako alikuita," akasema Trijn polepole. "Alisema, Gosen, usiniache naye. Mara nne alisema. Mimi nikafunga mlango."

Nje ukungu ulikuwa umeliziba dirisha kabisa, na mlio wa vinu ukaingia kana kwamba vimesogea.

"Mara tano," akasema Gosen.

Mchungaji aliiweka kalamu chini.

"Nilikuwa nyuma ya mlango huo, kikombe cha bia mkononi. Nilikuwa nimeshika komeo niingie. Ulipousukuma ukafungika, Trijn, nilimshukuru Mungu." Alipangusa uso wake mpana kwa kiganja. "Halafu ukaja mezani ukasema alilala, nami nikalia kuliko wote. Kila mtu humu kijijini ana masikio, Mchungaji. Nyumba zetu ni za mbao."

Wale wakulima wawili waliinamisha vichwa, na safari hii hawakuvitikisa.

Gosen alisimama akavaa kofia. "Ysbrand azikwe na watu. Nitabeba mimi mbele, na watano wengine nitawapata, wapende wasipende. Naenda kumwambia msaga nafaka asimamishe vinu." Akatoka, na wakulima wakamfuata haraka, kama watu wanaoogopa kuachwa chumbani.

Trijn alikuwa anafunga mtandio wake aliposikia jina lake. Mchungaji alikuwa bado ameketi. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na alikuwa amelirudisha nyuma hadi ukurasa wa kwanza kabisa.

"Bi Trijn," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mimbari. "Na Judith wangu?"

Judith alikuwa mkewe, alikufa kwa homa ya uzazi miaka sita iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Siku ile Mchungaji alikuwa kijiji cha pili akihubiri. Kwa ajili yake ndiyo alinunua daftari.

Moyo wa Trijn ulilegea kwa furaha, ndiyo, furaha, kwa sababu Judith alikuwa mmoja wa wale watano. "Judith hakulia, Mchungaji. Aliniomba nifungue dirisha aone mfereji ulioganda. Akasema barafu inapendeza. Akasema nikuambie usivue soksi za sufu kabla ya Pasaka. Kisha akalala, na katika kulala huko akaondoka. Hakutazama kokote. Hakuogopa chochote."

Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, midomo ikifuatisha. Yote hayo yalikuwa yameandikwa pale chini ya kidole chake, neno kwa neno, hata soksi.

"Ni kweli," akasema Trijn. "Huyu ni kweli. Naapa."

"Asante, Bi Trijn."

"Mchungaji, niamini. Nilikuwapo."

"Najua ulikuwapo." Akalifunga daftari taratibu, bila hasira yoyote, na alipoinua uso macho yake yalikuwa ya mtu anayekitazama chumba ambacho mlango wake umefungwa kwa ndani. "Na Gosen, ulimwapia pia kuhusu mama yake?"

Trijn alimaliza kufunga mtandio wake. Akatoka, na safari hii mlango hakuufunga.