Kitu Kimoja Tu: Yoga

Mimi subira sina, na sikuanza leo. Chai naimeza ingali inaunguza, na ujumbe wa sauti wa mtu yeyote nausikiliza kwa kasi mara mbili. Mume wangu husema siku moja nitatafuta pa kumbonyeza na yeye ili aongee haraka. Ningepaona, ningekuwa nimeshambonyeza zamani.

Kundi letu la simu lina watu watatu tu. Mimi niko Louisville, Marekani, mdogo wangu wa tumbo moja yuko Columbus, mitaa ya Linden, na wa tatu ni Mkongo niliyefanya naye kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala moja kule Jeffersontown, kabla hajahamia Buffalo kumfuata kaka yake. Kila Jumapili kila mmoja anatuma kitu kimoja alichokipenda wiki hiyo. Mdogo wangu alituletea sabuni ya maji inayoondoa mafuta ya samaki bila ugomvi. Mimi nilituma taarabu za zamani, nikaambiwa ni za wazee. Yule wa Buffalo alituma kwaya, kwaya, na kwaya tena, halafu siku moja akatuma picha ya ufagio wake wa raba wa kusukumia maji sakafuni, akausifia kwa dakika tano nzima. Nilimaliza kusikiliza kwa dakika mbili na nusu.

Huyo ananiita yaya. Siku ya kwanza ghalani nilinuna, maana kwetu Tanzania yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Nikamuuliza kwa ukali, "Mimi yaya wa nani?" Maskini, kumbe kwao ni dada mkubwa, ni heshima. Tulicheka siku ile tukasema basi, sasa tunaelewana.

Mgongo ulianza kunisumbua mimi kwanza. Mdogo wangu akanifundisha yoga kwa video, akaniambia ninunue mkeka wa raba. Raba ya nini? Nilitandika mkeka wangu wa ukili sebuleni, nikajikunja na kujinyoosha kila asubuhi huku nikilalamika, na ndani ya mwezi nikaweza kuinama kuokota kijiko. Nilifurahi jamani! Jumapili ile nikatuma sauti: "Kilichoniponya mgongo ni kitu kimoja tu, yoga. Asubuhi na jioni. Msiache hata siku moja."

Wa Buffalo akaitikia haraka. Yeye sasa alikuwa analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, kazi ya kunyanyua watu kutoka kitandani, na mgongo ulishaanza kumwuma. Akauliza, "Yaya, na mafuta ao bila mafuta?" Nilikuwa jikoni nachoma chapati. Nikadhani anataka kujichua mgongo. Nikamjibu, "Bila mafuta. Ukipenda, weka kidogo tu."

Zikapita wiki nane. Alituma sauti ndefu ndefu, na kila nikisikia neno "mugongo" linapita mbio namwandikia: pole, endelea tu, usiache.

Mdogo wangu alipopata likizo nikapanda basi mpaka Columbus, tukaendelea na gari lake hadi Buffalo. Mwenzetu anakaa Lower West Side, ghorofa ya chini. Alifungua mlango ameshika ukuta. Alikuwa amepinda. Nilimkumbatia taratibu, naogopa kumvunja, nikatandika kando ya meza mkeka wa ukili niliomletea zawadi.

Mezani kulikuwa na ugali na uyoga. Uyoga wa kuchoma, uyoga wa mchuzi, na bakuli la uyoga mkavu uliolowekwa. Mdogo wangu akauliza, "Leo kuna nini, mbona uyoga mtupu?"

Mwenzetu akanigeukia mimi. "Donc, yaya, miezi mbili nakula hii buyoga yako. Asubui na mangaribi. Bila mafuta. Na mugongo iko vile vile."

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe kichwani: kitu kimoja *tu, yoga*, maneno yamebanana yamekuwa uyoga. Mwingine angejiuliza, yoga na mafuta wapi na wapi? Lakini mimi nilipoulizwa mafuta nilijibu mafuta! Mdogo wangu aliangua kicheko, mimi nikafuata, tukacheka mpaka mbavu zikauma. "Yoga si chakula, dada! Ni mazoezi!" mdogo wangu akamwambia.

"Jimnastiki?" akasema mwenzetu. Yeye hakucheka. "Mi nilikuamini."

Kicheko kikanikwama. Na mimi nikibanwa hupandwa na hasira, ndiyo tabia yangu mbaya. Nikasema, sasa kwa nini hukuniambia unakula? Akasema alinisimulia kila Jumapili: wapi ameununua, ameupikaje, mgongo umeamkaje. Alishangaa sikumuuliza kitu. Mdogo wangu akanitazama. "Dada, si ulisikiliza?"

"Nilisikiliza zote!" Nikatoa simu nithibitishe mbele yao. Nikabonyeza ujumbe wa wiki iliyopita.

Sauti ikatoka mbio, maneno yamebanana, yanarukana. Mwenzangu aliinamisha kichwa kusikiliza. Aliacha ipite karibu nusu.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Haya ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nikarudisha mwanzo, nikaweka mwendo wa kawaida, tukasikiliza watatu. Ulikuwa ujumbe wa dakika sita. Aliongelea uyoga, akaongelea kwaya mpya. Kisha akanyamaza kidogo, nafasi ambayo kwenye simu yangu haikuwahi kuwepo, akasema binti yake sasa ndiye anayemfunga viatu. Kazini wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Akishindwa kunyanyua wagonjwa, aende. "Yaya, mi naogopa," ilisema simu. "Uniambie kama kuna fasi ninakosea."

Chini yake jibu langu lilikuwa bado lipo. Wiki ile sikuwa nimeandika hata pole. Nilikuwa nimetuma alama ya kidole gumba.

Nilimwomba msamaha, na nililia, siwezi kusema uongo. Hakuniambia si kitu. Alisukuma sahani pembeni, akashika meza kwa mikono miwili, akajishusha polepole mpaka kwenye mkeka wa ukili niliomletea.

"Bon," akasema. "Anza tena, yaya. Sema yote. Na usikimbie."