Kibaraza Kinachofika Begani

Jumatatu nilikuwa Marikiti nachagua ndimu, nikamwona mwenye duka mmoja mgeni ameshika kiuno mlangoni pake, akikitazama kibaraza cha jiwe kinachomfika mtu begani. Alikijenga tajiri wa zamani, yule aliyejenga nusu ya magodauni ya mtaa ule, ili hamali atue gunia apumzike, kisha alitwae tena bila kuomba msaada. Nilimjua utotoni. Ulimi wake ulikuwa mkali na chai yake haikuwa na sukari, lakini migongo ya watu aliihurumia.

"Leo chavunjwa," mwenye duka akasema. "Naweka kioo, wateja waone bidhaa."

Hamali mmoja mzee, aliyekuwa ametua gunia lake la vitunguu hapo hapo, akamwuliza, "Na sisi, bwana, tukatue kichwani mwako?"

Fundi alikuwa anakuja, nyundo mkononi, mfuko wa saruji begani, jasho lamtiririka. Akatoa salamu, akageuka, akautua mfuko juu ya kibaraza.

"Alhamdulillahi," akasema, akijipangusa uso. "Haya bwana, chavunjwa kipi?"

Hamali alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, na meno yangu si mengi ya kuonyesha watu.

Mwenye duka akautazama mfuko, akamtazama fundi.

"Kizibe nyufa," akasema, akaingia ndani.

Matajiri wa leo wajenga maghorofa ambayo majina yao yasomeka toka Feri. Nimeyazunguka yote. Sijaona hata moja lenye mahali pa kutua mzigo.