Mbuzi Aliyepelekwa Kasaji

Tata Kalumba alikuwa karani wa bohari huko machimboni miaka mingi, na alipostaafu akabaki na hamu ya kuamuru bila watu wa kuwaamuru. Bahati yake, lupango anamoishi pale Manika una nyumba nne, bomba moja na ua mmoja, na majirani wakamfanya rais wa lupango kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Sheria yake ya kwanza ilihusu wanyama. Kuku walale bandani. Mbwa afungwe mchana. Paka ajitegemee. Mbuzi, hapana. Kila mtu alijua sheria hiyo inamlenga nani, maana mbuzi alikuwa mmoja tu, wa Mama Ngalula, mjane wa nyumba ya pili, na alikuwa amekula kola ya shati la Kalumba la kwendea misa. Kola peke yake, shati akaliacha. Huyo mnyama ana dharau, jamani.

"Mama, ile mbuzi itoke mu lupango," Kalumba akasema.

"Haitoke, Tata. Balinipatia yeye juu ya mutoto yangu Joyeuse," Ngalula akajibu, akaendelea kutwanga sombe, majani yake ya mihogo.

Kalumba akapiga hesabu zake. Joyeuse ameolewa na Henri kule Kasaji, Kasaji kuna majani tele. Basi mbuzi amfuate. Ngalula alipokwenda matanga Likasi, rais akaona nafasi. Si mtu mbaya, tusimwonee. Alimwogesha mbuzi bombani, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza, akamvisha kamba mpya, akampandisha lori la wachuuzi wa mihogo.

"Peleka kwa Tata Henri," akamwagiza dereva. "Useme Mama Ngalula anarudisha mbuzi."

Akalala usingizi wa mtu mwema.

Lo, kutojua ni kubaya! Kalumba alipooa, wakwe zake walimdai blanketi, sufuria na baiskeli, mbuzi hakutajwa. Lakini kwa kina Ngalula, watu wa mkoa wa Kasai, mkwe humpa mama wa msichana mbuzi wa mgongo, kumshukuru kwa kumbeba mtoto. Ukimrudisha mbuzi huyo, umesema ndoa imekwisha, mtoto wangu arudi nyumbani.

Na mtoto akarudi. Ngalula aliporejea kutoka matangani alimkuta Joyeuse ameketi juu ya sanduku lake uani, macho yamevimba.

"Mama, Henri alikukosea nini?"

Ngalula hakuelewa kitu mpaka binti aliposimulia habari za lori. Hapo akageuka.

"Nani alirudisha mbuzi yangu?"

"Ni mi, Mama," Kalumba akasema. "Nilifikiri kule iko majani."

Ngalula akakaa chini, akalia. "Tata, umevunja nyumba ya mutoto yangu."

Kalumba aliona haya, akaogopa pia. Kufukuza mbuzi ni kitu kimoja. Kumwachisha mtoto wa watu mume wake ni dhambi. Bukari yake ya jioni, ule ugali wa mahindi, ikapoa mezani bila kuguswa, na ya kesho yake pia.

Ndipo Henri alipofika na mjomba wake. Walikuja na mbuzi watatu: yule aliyerudishwa, na wawili wa kuomba msamaha kwa kosa ambalo hata hawakulijua. Mjomba akauliza mwanamume wa upande wa msichana yuko wapi, apokee. Ndugu za Ngalula wote wako mbali, Mbuji-Mayi. Ngalula akamnyooshea Kalumba kidole.

"Baba yake ni huyu."

"Tata, tunaomba bibi yetu Joyeuse," mjomba akasema. "Ukikatala hizi mbuzi, tutajua bundoa bumekufa."

Kalumba akawatazama mbuzi, akazitazama nguo zake kwenye kamba. Kisha akamtazama Joyeuse, ambaye tangu Henri aingie alikuwa hamtazami mtu mwingine. Rais wa lupango, mwenye sheria zake, akanyoosha mkono.

"Tunapokea. Zote tatu."

Joyeuse akacheka huku anafuta machozi, na Kalumba, aliyezaa wavulana tu, akageuza uso. Alikuwa anajiandaa kwenda ndani ajifiche alipohisi kamba inatiwa kiganjani mwake. Ni Ngalula, na nyuma yake mbuzi mkubwa kuliko wote.

"Hii ni mbuzi ya baba," akasema. "Kuuzisha, hautauzisha. Kula, hautakula. Na kurudisha, umeona mwenyewe."