Walivyomsoma Mjomba Wangu Baani

Mwezi uliopita vijana wa mtaa walinialika Kamalondo, kwenye baa moja ambako kila mwezi watu hukutana kusomeana hadithi na mashairi. Viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, chupa mezani, na kijana mwenye miwani akanisogezea kiti cha mbele kwa heshima zote. Alikuwa amesikia kwamba nilikulia kwenye ua wa baa ya kwanza ya mtaa kufanya usomaji wa namna hiyo, enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa bado Élisabethville. "Mama, utuelezee kidogo," akaniomba. "Ile wakati ilikuwa muzuri sana, si vile?" Nilimchekea tu, nikamaliza limonadi yangu, nikarudi nyumbani roho imenichafuka. Basi nakueleza wewe, maana sisi tumejuana siku nyingi na huna haja ya kunipigia makofi.

Haikuwa nzuri. Ilinuka.

Nikiikumbuka baa ile, pua ndiyo inayotangulia. Sakafu ya saruji haikukauka bia hata siku moja, na bia iliyolala ina uchachu unaopanda mpaka machoni. Nyuma ya ukuta wa mabati lilikaa pipa ambalo wanaume walikojolea, na pipa hilo lilipakana na jiko la mama yangu. Mama alikaanga mikate na bitoyo, wale samaki wa chumvi, akiwauzia wanywaji. Kaku alikanda unga, mimi nilifukuza nzi. Kaku ni bibi yangu, mama yake mama. Sisi watu wa Kasai ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Upepo ukigeuka ulituletea moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, nao ulikaa ulimini kama sarafu uliyoinyonya. Mpaka leo bitoyo sili.

Jumapili ya kwanza baada ya mishahara, alasiri, walikuja evolue. Hao walikuwa watu weusi waliosoma kwa mapadri, makarani na wauguzi, waliokuwa wakihangaika Wazungu wakubali kwamba wamestaarabika. Jua la mwezi wa kumi linachoma mabati, wao wamevaa makoti ya sufu. Mafuta ya nywele yaliwayeyuka yakawatiririkia masikioni. Halafu mmoja anasimama, anakohoa, anasoma kwa Kifaransa habari za theluji inayoanguka kimya kimya juu ya mnara wa kanisa. Theluji! Na jasho limemlowesha mpaka soksi. Kisha ilikuwa desturi msomaji afupishe alichosoma kwa Kiswahili, ili wanywaji wajue wanapigia makofi kitu gani.

Kiti cha mbele alikaa Mzungu aliyetawala mtaa wetu. Alikuja na glasi yake mwenyewe kutoka nyumbani, imefungwa kwenye leso, maana za kwetu zilimtia kinyaa. Akimaliza kunywa, mwenye baa alimwoshea ile glasi kwa mikono yake, anaifunga tena kwenye leso, anamrudishia huku ameinama. Wasomaji wote walisoma wakimtazama yeye, na akipiga miayo waliruka kurasa.

Kilichokuwa kizuri siku hizo hakikuwa baani. Kila Jumamosi alfajiri Kaku alitoka nje ya nyumba yetu, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akamwita mwanawe aliyekufa, mjomba wangu. Mjomba alifia kiwandani. Shaba iliyoyeyuka ilimwagika, na alichorudishiwa Kaku kilitosha kufunikwa kwa taulo. Basi alimtungia kasala. Kwetu kasala ni kumwita mtu kwa majina yake yote, yake na ya baba zake, na kusema alikuwa nani na nini kimemchukua. Ile ya mjomba iliukaripia moto, iliuita mwizi, iliuuliza kama sasa umeshiba. Majina yenyewe siyaandiki hapa, yamesomwa vya kutosha. Na kasala ina sharti lake: mtu wako akiitwa, unasimama, unajibu, unamtia anayeita kitu mkononi, hata kiwe kidogo namna gani. Usipofanya hivyo umemkana maiti wako. Kwa hiyo mama alitoka na nywele timutimu, akajibu, akampa Kaku kipande cha sabuni au chumvi kidogo, ndipo tukanywa uji.

Jirani yetu alikuwa karani, kijana wa Kasai kama sisi, ila alilelewa na mapadri tangu mdogo na kasala hakuijua. Jioni alikuja kukaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Alimwuliza Kaku maneno yale yana maana gani, na Kaku akamwonea huruma, mtoto wa watu asiyejua kuwaita wafu wake. Akamfundisha yote, kipande kwa kipande, na kumweleza. Karani alisikiliza vizuri, tena alikula bukari yetu, yaani ugali, bila kujivunga. Sote tulimpenda. Alikuwa na shida yake pia: alikuwa ameomba kadi ya evolue, na wakubwa walikuwa wamekuja nyumbani kwake kumhesabia uma na kuchungulia choo chake. Mkewe alisugua choo kile mpaka ngozi ya mikono ikambabuka. Kadi haikuja. Ilikuwa lazima amfurahishe Mzungu kwa namna nyingine.

Jumapili moja ya usomaji alivaa koti lililonuka dawa ya nondo, akasimama, akaanza kusoma kwa sauti ya kupanda na kushuka kama padri. Sisi uani hatukuelewa kitu. Mama aligeuza mikate yake. Mara katikati ya Kifaransa kile likatoka jina la mjomba. Likafuata la baba yake, na la babu yake, kwa mpangilio wa Kaku kabisa, maana majina hayana Kifaransa chake na karani alikuwa ameyaacha yalivyo.

Kaku aliacha unga. Mama alimshika kikwembe alichojifunga kiunoni, Kaku akakivuta kikamtoka mama mkononi. Akaingia ndani, mwanamke mzee mwenye unga mpaka viwiko, akapita katikati ya makoti yale mpaka mbele ya karani.

"Ni mutoto yangu," akasema. "Miye njo mama yake."

Akajibu kwa lugha yetu kama inavyotakiwa, kisha akatafuta cha kutoa. Hakuwa na kitu. Akakifungua kitambaa chake cha kichwa, akamtia karani mkononi, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wale wote. Na karani, jasho linamtoka, akakipokea, akajifutia shingo.

Mzungu akapiga makofi. Basi baa nzima ikapiga makofi.

Hapo karani angeweza kukaa kimya. Hakukaa. Alifupisha kwa Kiswahili kama desturi ilivyotaka. "Ni mama moya," akasema. "Mutoto yake alikufa ku kazi. Mama anasema: moto ni baba muzuri, inatulisha, inatuvalisha. Anashukuru kampuni."

"Hapana!" Kaku alikuwa bado amesimama palepale. "Miye sikusema vile. Moto ilimula mutoto yangu. Weye njo nilikufundisha, na bukari yangu ulikula!"

"Ikala chini, mama," karani akamnong'oneza. "Utaniharibia mambo."

Mzungu akauliza mwanamke huyu anasema nini. Karani akainama, akamjibu kwa Kifaransa kirefu, lakini neno la mwisho hata sisi watoto tulilijua: merci. Eti Kaku ameshukuru. Nilikuwa mlangoni na mkate mdomoni. Niliutapika palepale juu ya saruji ile yenye bia, na mama akanifuta uso kwa ncha ya kikwembe chake.

Ungedhani yameishia hapo. Kesho yake mwenye baa alitujia asubuhi na mapema, anacheka meno yote nje.

"Muzungu alipenda sana," akamwambia mama. "Mwezi ingine huyu nkambo, mama yako, arudie vile vile. Kitambaa nitamupa miye."

Mama akasema kwamba ule ni msiba, si mchezo.

"Najua, mama, najua. Lakini iko bamama mingi benye banaomba ile fasi yako ya kukaranga mikate."

Hakupandisha sauti wala hakutukana. Alimega mkate mmoja kutoka kwenye sinia letu, akautafuna mbele yetu, akaondoka. Mama alilia, na Kaku ndiye aliyemnyamazisha. "Nitaenda," akasema. "Mara moya tu, batoto bakule."

Haikuwa mara moja. Mwezi baada ya mwezi walimtia kwenye ratiba, kati ya theluji na hotuba ya kumshukuru Mzungu. Karani alisoma, akifika kwenye jina la mjomba alimwonyesha Kaku kidole, Kaku anaingia, anasema yeye ndiye mama, anafungua kitambaa. Kilikuwa kitambaa chekundu cha hariri cha mwenye baa. Makofi yakiisha kilikusanywa kutoka kwa karani, kinakunjwa, kinarudishwa kabatini mpaka mwezi ujao, na jasho la shingo ya karani limo humo humo. Kaku alipewa chupa moja ya bia, naye bia hakunywa. Alijifunza kukaa kimya wakati wa ufupisho. Mimi nilisimama na sinia la mikate nikaona yote, kila mwezi, na watu wazima wale waliokuwa wakitufundisha adabu hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho. Bado nawachukia, nasema wazi. Wengi wamekwisha kufa na bado nawachukia.

Watoto wa mtaa waliuchukua mchezo huo. Kaku akitoka alfajiri ya Jumamosi na kuanza kumwita mwanawe, walio bombani na ndoo zao walimpigia makofi. Mama aliwafukuza na ufagio, wakarudi. Halafu asubuhi moja mama alitoka na kipande chake cha sabuni, akamkuta Kaku ameketi kimya kwenye kizingiti, kitambaa magotini.

"Sitamuita tena," Kaku akamwambia. "Nikimuita, nasikia tu makofi."

Na hakumwita tena. Karani alipata kadi yake. Alituletea habari hizo mwenyewe, na pakiti ya sukari, na Kaku alimpongeza. Hapo ndipo nilipomshangaa Kaku kuliko siku zote, na sikumsamehe upesi.

Alifariki mwaka uliofuata, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Wanawake wa Kasai walijaa nyumbani kuomboleza, na wakaanza kumwita. Walizijua nasaba zake, waliujua ukoo wake. Lakini mwanamke hawezi kuitwa bila kuitwa pia mtoto aliyemzika, na kasala ya mjomba aliitunga Kaku mwenyewe, wao hawakuijua. Wakamtazama mama yangu. Mama alijua kuijibu. Kuiita hakujua, maana miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya Kaku. Pale mchana kweupe, mbele ya jeneza, akasimama karani. Alikuwa amelia, macho mekundu, na nadhani siku hiyo alikuja kwa moyo safi.

Akaanza kwa lugha yetu. Majina yalitoka yote, sawasawa, na mama akasimama kujibu, na mimi nikasimama. Kisha ilikuwa sasa moto ukaripiwe. Karani akafungua mdomo, akangoja, akaufunga. Akaanza upya kutoka kwenye majina. Mara hii alipofika pale yakamtoka maneno, ila yalikuwa ya Kifaransa, yale ya baani, kwa sauti ile ile ya kupanda na kushuka. Hakuwa na mengine.

"Wacha, papa," mama akamwambia. "Kama ni ile ya mu baa, wacha."

Akakaa. Tulimzika Kaku bila mwanawe.

Baa ile siku hizi ni duka la simu, na sina chozi la kuimwagia. Ninachokililia ni zile Jumamosi. Nilikuwa chini ya blanketi nusu nimelala, na sauti ya Kaku ilinipita nikijua kwamba wiki ijayo itakuwepo tena. Imebaki mlio wake tu, jinsi inavyoshuka mwishoni. Nimekwisha kujaribu nikiwa peke yangu jikoni. Nayataja majina, nangoja, na kinachonitoka kinywani ni Kifaransa cha karani, ambacho siku hizi nakielewa, neno kwa neno, kwa moyo: moto ni baba mwema.