Visu Kwenye Ndoo ya Maganda

Mimi nina mdomo. Nakiri mapema, nisije nikajifanya mpole kwa sababu tu nasimulia mwenyewe. Ni muuguzi, kwetu Kilosa, na huu ni mwaka wa sita tangu nipangiwe Rungwe, kwenye kituo cha afya kilichopo vilimani, mwendo wa bodaboda kutoka Tukuyu mjini. Wagonjwa wangu wananipenda na kuniogopa kwa pamoja. Nikimkuta mama kakaa na homa ya mtoto siku tatu nyumbani, nasema. Nikimkuta mzee kaacha dawa za presha eti amejisikia nafuu, nasema, na sauti yangu inafika mpaka dirisha la dawa.

Kwa hiyo asubuhi ile bibi jirani yangu alipoingia kituoni mkono umezungushiwa kanga iliyolowa damu, nilisema.

Huyu bibi nyumba yake ipo chini ya ile ninayopanga, tumetenganishwa na migomba tu. Anaishi peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kufugwa bandani, ambaye chakula analetewa hapohapo. Chumvi ya bibi, sabuni ya bibi, sadaka ya bibi Jumapili, vyote vinatoka kwa ng'ombe huyo. Kila jioni bibi alikuwa anapanda kwangu kuchukua ndoo ya maganda ya ndizi, na kila asubuhi ndoo ilirudi imeoshwa ikatakata, ndani yake chupa ya maziwa. Hatukuwahi kupatana hivyo. Ilianza tu, ikawa ndiyo maisha yetu.

Nikafungua ile kanga. Kidonda kilikuwa kwenye kiganja cha mkono wa kulia, chini kidogo ya kidole cha shahada na cha kati, na kilikuwa kimeingia ndani.

"Bibi, umefanyaje?"

"Mundu, nesi. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe."

Nikamchoma ganzi, nikaanza kushona. Na huku nashona, namsema. Mlango uko wazi, benchi la nje limejaa watu. "Bibi, kwa umri huu bado unarusha mundu kama msichana? Kitu chenye makali kina adabu yake! Sisi hapa sindano ikishatumika inaingia kwenye sefti boksi saa hiyohiyo, haikai mezani hata kidogo. Nyie majumbani huko visu ovyo, mapanga ovyo, nyembe kwenye vumbi, halafu mkikatika mnakimbilia kwa nesi!" Watu kwenye benchi wakacheka. Nilikuwa nimepamba moto, na kusema kweli nilikuwa naifurahia sauti yangu. Bibi aliinamisha kichwa mpaka nikamaliza nyuzi zote.

"Ndaga fijo," akasema. Ndiyo asante sana ya Kinyakyusa.

Kabla hajaondoka nikamwambia akunje vidole. Cha kati kikaja nusu. Cha shahada hakikuja kabisa, kilibaki kimenyooka kama mti. Hapo mdomo wangu ukafunga. Nikamwandikia barua aende hospitali mjini siku hiyohiyo, na jioni akarudi na majibu: mshipa wa kukunjia kidole umechanika, ila haujakatika wote. Wamemtazama vizuri. Asubiri, afanye mazoezi. Kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi.

Na mkono wa kukamulia ni huohuo. Ng'ombe hakamuliwi kwa vidole vilivyonyooka. Mshahara wa mtu wa kumkamulia ungekula yale maziwa yote, na bibi alilijua hilo kabla yangu.

Siku ya kubadilisha bandeji hakuja. Nikajaza mkoba wangu, nikateremka kwake kupitia migombani kwenye tope, nimekasirika, nikipanga maneno ya kumwambia. Nikamkuta bandani, anakamua kwa mkono wa kushoto. Maziwa mengine kwenye ndoo, mengine kwenye sketi yake, ng'ombe anapiga teke. Ule mkono mgonjwa ameuning'iniza pembeni, bandeji imekuwa ya kahawia.

"Bibi, kaa chini."

Akakaa. Nikatafuta mahali pakavu pa kuweka mkoba. Pale juu, kwenye boriti ya banda, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, nikalisogeza ili nipate nafasi. Ndani vyuma vikagongana. Nikachungulia ndani, nikakuta visu vitatu vimesimamishwa, makali chini, vimeoshwa. Kimoja mpini wake umezungushiwa plasta nyeupe, ile ya hospitali.

Jamani. Hakuna mtu kilima kizima anayefunga mpini wa kisu kwa plasta ya hospitali isipokuwa mimi.

Vilikuwa visu vyangu. Nilikuwa nimenunua vipya sokoni Tukuyu, na hivi vya zamani, vyenye mipini ya plastiki iliyopasuka, nikaamua vitoke nyumbani. Na siyo kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana! Nikasema nikivitupa shimo la taka hivihivi watoto wataokota, kwa hiyo nikavifunga kwenye gazeti, nikajiona mtaalamu. Nikavitia kwenye ndoo ya maganda, nikitoka nipite navyo shimoni nivifukie. Mara bodaboda akapiga honi nje, nimechelewa zamu, nikaondoka. Jioni nikarudi nimechoka, nikamenya ndizi, maganda yote juu ya lile gazeti. Bibi akaja akachukua ndoo kama kawaida. Gazeti likilowa kwa maganda mabichi, nani asiyejua mwisho wake?

Nikamwonyesha bibi lile kopo.

"Bibi, hivi visu umevitoa wapi?"

Akamtazama ng'ombe. "Kwenye maganda."

"Na mkono?"

"Huwa nachambua maganda kwa mkono kabla sijampa. Mifuko ya nailoni huwa inaingia. Ng'ombe akiila, basi tena."

"Mbona uliniambia mundu?"

"Watu walikuwa wengi, nesi." Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake ambacho kila z inageuka s. "Wewe ndiye unayetufundisha. Ningesema ni kisu chako, ungeaibika pale, na kesho nani angekusikilisa?"

Yaani nilimsema mbele ya watu, wakamcheka, na muda wote huo yeye anajua. Alinikabidhi mkono nilioukata mimi, na aibu akaibeba yeye. Nililia. Sikulia kwa staha, nililia na makamasi, nimekaa kwenye kigoda cha kukamulia, na ng'ombe akageuka kunitazama.

"Basi, basi," bibi akasema. "Afadhali mkono wangu kuliko tumbo lake. Ana mimba huyu."

Kesho yake saa kumi na mbili nikawa bandani. Mtu wa Kilosa mimi, ng'ombe nilikuwa namjua kwenye sufuria. Bibi akasimama nyuma yangu akinielekeza: usivute, minya, anzia juu, shuka, muimbie basi, mbona umemnunia? Asubuhi ya kwanza nilipata kikombe na teke la goti. Ya pili nikapata vikombe viwili. Baada ya wiki nilikuwa najaza ndoo, na kituoni wenzangu wananikwepa kwa harufu. Wanawake wakipita kwenda shambani wanasimama kutazama. "Nesi kaolewa na ng'ombe!" mmoja akapiga kelele, na bibi akacheka mpaka akashika boriti.

Nikishamaliza kukamua, ni zamu ya mkono. Beseni la maji ya vuguvugu, kisha soksi yangu nene iliyokunjwa kama mpira, aiminye. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Nyuzi zilishatoka, kidonda kilifunga vizuri. Kidole cha kati kikarudi wiki ya tatu. Cha shahada kikabaki kilivyo.

"Kinakuonyesha wewe, nesi," bibi akatania.

Alicheka yeye. Mimi sikuweza. Nilikuwa nahesabu miezi ya mimba ya ng'ombe kichwani. Ndama akizaliwa maziwa yanakuwa mengi, kukamua mara mbili kwa siku, na mimi siku yoyote naweza kupata barua ya uhamisho. Bibi naye alianza kusema, kama utani, kwamba kuna mtu wa kijiji cha Kinyala ameuliza bei ya ng'ombe. Hakuwa anatania, nilimjua.

Katikati ya hayo nikataka kuvimaliza vile visu. Nikamwambia nivichukue nivitupe sawasawa. Bibi akashangaa kweli.

"Uvitupe? Kisu kinatupwaje? Kikiisha makali ya nyama, kinamenya ndisi. Kikishindwa ndisi, kinakwangua masufuria. Hapa hatutupi visu. Ni nyie watu wa mshahara."

Akanigawia kimoja tu, kile cha plasta, ambacho bapa lake lilikuwa linacheza kwenye mpini. Na alikuwa amesema kweli. Nilipouliza kwenye nyumba za watumishi, kwa walimu na bwana kilimo na wenzangu wa kituoni, kila mmoja alikuwa na visu asivyojua avipeleke wapi. Wengine wamevichimbia bustanini, wengine wamevirusha nyuma ya choo. Nikachukua ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikatoboa mfuniko tundu jembamba, nikaiweka kwenye kibaraza changu. Sheria nikaiandika kwa kalamu nene: kunja boksi gumu juu ya makali, funga kwa utepe wa gundi, andika KISU, ndipo utumbukize. Ndoo ikijaa naipeleka Tukuyu mjini kwa fundi vyuma. Vinavyofaa anavinoa na kuvitia mipini ya mti, visivyofaa anavikunja makali na kuviuza pamoja na chuma chakavu. Ndoo ya maganda nayo nikaifunika, na sasa hakiingii kitu humo kisichotoka mgombani.

Hayo yote yalikuwa rahisi. Kilichobaki ni lile benchi.

Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi huwa tunatoa somo la afya kwa wagonjwa wanaosubiri. Ilipofika zamu yangu, bibi alikuwepo, amekuja kuangaliwa mkono, amekaa mbele kabisa, kanga begani. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo watu walijazana ndani ya kibaraza, hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha kunawa mikono. Nikafungua mdomo nikasema, "Leo nawaambia habari ya visu."

Bibi akatikisa kichwa, taratibu, kunikataza. Nikaendelea.

Niliwaambia yote. Gazeti, ndoo, bodaboda, maganda. Niliwaambia kwamba siku ile niliyomsema bibi hapa mlango wazi, na ninyi mkacheka, kisu kilikuwa changu, na yeye alijua akanyamaza ili msinidharau. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, kwa sauti ya chini, "Kumbe na nesi?" Mwingine akasema, "Pole, bibi." Mzee mmoja wa presha, ambaye nimemsema mara nyingi kuliko wote, akavua kofia.

Ningenyamaza hapo ingetosha. Lakini nimeshasema, mimi nina mdomo. Nikaanza habari ya kidole, kwamba hakikunjiki, kwamba ng'ombe huenda akauzwa, kwamba ni mimi, ni mimi, na machozi yakaja, na sentensi zikawa haziishi. Watu wakaanza kutazama chini.

Bibi akainuka. Akaja mpaka nilipo, akanikamata kifundo cha mkono anivute nikae.

"Inatosha, nesi," akasema. "Watu wana homa."

Alinikamata kwa mkono wa kulia. Nilisikia dole gumba upande huu wa mfupa. Upande wa pili nikasikia kidole cha mwisho, cha pete, cha kati. Halafu, juu kidogo ya hivyo vitatu, nikasikia kingine. Kilikuwa dhaifu, kinatetemeka, lakini kilikuwa kimekunjwa na kilikuwa kinabana.

Nikanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa hajatambua, alikuwa anahangaika kunikalisha.

"Bibi," nikasema, "minya tena."

Akatazama mkono wake. Kibaraza kizima kikatazama. Akaminya.